Safu ya Mpasuaji

Runyenjes,
4 Machi 2024

Kwa Dkt. Mbae Kaimenyi,
Kianjai.

Mwalimu wangu,

Katika rejista ya chumba cha upasuaji, neno "mpasuaji" lina maana moja tu. Si mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wengine chumbani, wala si lazima awe mwenye ujuzi mwingi zaidi. Ni yule ambaye mkono wake ulikata ngozi, na ambaye atajibu akiulizwa kuhusu kila kilichotendeka tangu mkato huo hadi mshono wa mwisho. Msaidizi ana safu yake, na mtoa nusukaputi vilevile. Maana hii ulinifundisha wewe, na ndiyo iliyonileta kwako leo.

Mimi ni Wamuyu Njiru, mpasuaji katika hospitali ya misheni karibu na Runyenjes. Huenda ukanikumbuka kwa mtihani wa mdomo wa mwaka 2015. Uliniuliza nieleze nilivyomtibu mgonjwa mmoja mwenye uvimbe wa rovu shingoni, nikasema, "Tuliondoa upande wa kulia." Ukaniuliza, "Nani aliondoa?" Nikasema, "Sisi, Daktari." Ukafunga faili na kusema, "Sisi hana mikono. Rudi mwaka ujao." Nilirudi.

Nina mgonjwa anayeitwa Gatwiri, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili. Ni karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa; kila asubuhi ya msimu huita majina ya wakulima na kilo zao kwa sauti inayofika barabarani. Alizaliwa Mikinduri na kuolewa huku kwetu. Mwaka 2001 aliondolewa rovu katika hospitali ya misheni iliyo karibu na Mikinduri, katika wiki ya kambi yako ya upasuaji. Sasa rovu limerudi pande zote mbili, linabana njia ya hewa, naye hulala ameketi. Nimepanga kumpasua tarehe 22 Aprili.

Karani wa kumbukumbu wa hospitali hiyo alinitumia picha ya ukurasa wa rejista. Mstari wenyewe ni huu: "14/8/2001. Gatwiri, miaka 19. Rovu. Mpasuaji: Dkt. M. Kaimenyi. Msaidizi: Kinoti. Tezi ndogo moja imehifadhiwa msulini." Hakuna zaidi.

Unajua kuliko mimi kwamba nyuma ya rovu hukaa tezi nne ndogo kama punje za mchele, zinazolinda kiwango cha kalsiamu mwilini. Moja ikibanduka kwa bahati mbaya, mpasuaji makini huipanda ndani ya msuli wa shingo ili iendelee kuishi. Lazima nipite katika misuli hiyohiyo, nayo imejaa makovu. Picha za mashine hazikunionyesha chochote. Nikijua upande ilipo, nitapita mbali nayo. Nisipojua, naweza kuikata nikidhani ni kovu, na Gatwiri ataishi akikakamaa vidole na kunywa vidonge hadi mwisho wa maisha yake.

Ulipanda tezi ile upande gani?

Nilipiga simu mara tatu. Mwanamume aliyepokea aliniambia kwamba hujibu maswali ya wagonjwa kwa simu, kwa kuwa neno la simu halina sahihi. Ndiyo sababu naandika.

Kwa heshima,
Wamuyu Njiru


Kianjai,
13 Machi 2024

Daktari Wamuyu,

Barua yako imepangwa vizuri kuliko ulivyojieleza katika mtihani. Nakumbuka faili. Uso siukumbuki.

Nakujibu kwa mpangilio uleule. Kwanza, ufafanuzi wako wa mpasuaji ni sahihi na sina la kuongeza. Pili, kwa ufafanuzi huo, mimi sikumpasua Gatwiri.

Tangu mwaka 1976 hadi 2002 nimepasua watu elfu tisa mia nne na kumi na wawili. Majina yao yamo katika madaftari kumi na manne niliyoyaandika kwa mkono wangu, mbali na rejista za hospitali, kwa sababu rejista huliwa na mchwa na wakurugenzi hubadilika. Wa kwanza alikuwa mkwezi wa miraa wa Mikinduri aliyefunga ngiri yake kwa mpira wa tairi ya baiskeli ili aweze kupanda mti. Nilipomuuliza kwa nini hakuja hospitali, alisema, "Daktari, hospitali iko Meru mjini, na mti uko hapa." Jibu hilo ndilo lililoanzisha kambi. Niliacha kungoja watu mjini nikaanza kupeleka meza ya upasuaji iliko miti.

Naeleza haya ili ujue kwamba sijibu kwa kubahatisha. Gatwiri hayumo katika daftari lolote kati ya hayo kumi na manne.

Niulize kuhusu mgonjwa mwingine yeyote nami nitakujibu. Kuhusu huyu, usiniulize.

M. Kaimenyi


Runyenjes,
20 Machi 2024

Mwalimu wangu,

Samahani, nalazimika kukuuliza tena.

Nimeiweka barua yako kando ya picha ya rejista. Mwandiko ni mmoja. Herufi "k" ina mkia unaoshuka chini ya mstari, na saba ina kikato katikati, katika barua ya mwezi huu na katika ukurasa wa mwaka 2001. Sahihi yako tu ndiyo inayotetemeka, jambo la kawaida katika umri wako. Kwa hiyo mkono ulioniandikia "sikumpasua" ndio ulioandika "Mpasuaji: Dkt. M. Kaimenyi". Kauli hizi mbili haziwezi kuwa kweli zote pamoja.

Nilimsomea Gatwiri jibu lako. Alicheka hadi akakohoa. Namnukuu, maana wewe hupenda maneno yenyewe kuliko muhtasari:

"Daktari, mimi nilimwona kwa macho haya. Alinishika kichwa akaniambia nihesabu kwa Kimeru. Nikafika inya, yaani nne. Sasa anataka kusema nilipasuliwa na malaika? Mwambie hata marehemu mama yangu Igoki alisema: daktari mwenyewe ndiye atakupasua, kwa sababu mimi nimemwambia, na mimi hawezi kunikatalia."

Nilimuuliza kwa nini usingeweza kumkatalia mama yake. Alisema hajui, kwamba mama yake alikuwa mtu wa amri, na hata mbuzi walimtii.

Ninalouliza sasa naliuliza kama daktari, bila dharau. Je, kuna siku ambazo mambo ya zamani hukuchanganya? Je, kuna mtu nyumbani anayekusaidia kukumbuka? Ikiwa ndivyo, hakuna aibu, ila nahitaji kujua, kwa sababu nitaingia shingoni mwa mtu nikitegemea neno lako. Gatwiri ameanza kupoteza pumzi akipanda ngazi ya mizani. Wiki iliyopita karani msaidizi aliita majina badala yake, na wakulima wakalalamika kwamba hawakusikia kilo zao.

Wamuyu Njiru


Kianjai,
28 Machi 2024

Daktari Wamuyu,

Akili yangu ni nzima. Macho yamefifia na mikono imenikataa, lakini kuanzia nyusi kwenda juu niko kama nilivyokuwa. Uliuliza kwa adabu, nami nakujibu kwa adabu.

Wewe ni wa Embu na umesomea mjini. Sijui kama wazee wako walikufundisha gichiaro. Ni undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo, uliofungwa na watu waliokufa kabla ya babu zetu kuzaliwa. Atokaye katika ukoo wa gichiaro chako, hata kama hujawahi kumwona, ana mambo matatu juu yako. Huwezi kumkatalia analokuomba. Huwezi kumdanganya. Huwezi kumwaga damu yake. Ni sheria isiyoandikwa popote, na sijawahi kumwona mtu wa rika langu akiivunja kwa makusudi akalala usingizi.

Baba yake Gatwiri alitoka Tharaka, katika ukoo ulio gichiaro cha ukoo wangu. Sikulijua hilo hadi asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2001, msichana akiwa tayari kwenye machela. Mama yake alinijia mlangoni akataja ukoo wa mumewe, akasema, "Nakuomba umpasue wewe, si mwingine."

Pima mwenyewe. Nikikataa, nimevunja la kwanza. Nikisema ndiyo kisha nimwachie mtu mwingine, nimevunja la pili. Nikishika kisu, nimevunja la tatu. Nilisoma upasuaji kwa miaka kumi na moja na hakuna mwalimu aliyenipa swali lenye majibu matatu yaliyo makosa yote.

Nilipata njia. Sitaieleza, kwa sababu inamgusa mtu mwingine asiyekuwa na kosa. Inatosha kusema kwamba mkono wangu haukukata, na kwamba mama yule hakudanganywa.

Kuhusu tezi: ilipandwa upande wa kulia.

M. Kaimenyi


Kianjai,
2 Aprili 2024

Daktari Wamuyu,

Hunijui. Mimi ni Kinoti, yule wa safu ya msaidizi. Nilikuwa tabibu wa wilaya, mtu wa diploma, si daktari kamili. Nimefanya kazi na Daktari Kaimenyi kwa miaka arobaini, na sasa naishi ng'ambo ya ua wake. Ni mimi niliyepokea simu zako.

Mwandiko unaoufuatilia ni wangu. Daktari hakuwahi kuandika rejista hata siku moja. Alisema karatasi za serikali zinampa usingizi. Nilikuwa naandika mimi. Na tangu macho yafifie, barua zote nasoma mimi na kuandika mimi, yeye anatamka, kisha namshika kifundo cha mkono anatia sahihi. Basi ukiona mwandiko ni mmoja, ni kweli. Umekosea mwenye mwandiko tu.

Nakwambia njia aliyokataa kukwambia. Mimi si wa ukoo wake, na ukoo wangu hauna gichiaro na watu wa Gatwiri. Daktari alinisimamisha mahali pake, akanipa kisu, kisha akaweka mkono wake wa kushoto, ule wa kazi, juu ya mkono wangu wa kulia. Hivyo tulikwenda kwa saa mbili. Mkono wake ulisukuma na wangu ulikata. Mama akiuliza ni nani aliyempasua mtoto, Daktari anaweza kusema "mkono wangu ulikuwepo". Wazee wakiuliza ni nani aliyemwaga damu, kisu kilikuwa kwangu. Sikuwa na leseni ya kugusa rovu. Nilipomwambia hivyo alijibu, "Kinoti, ulijifunza kushona magunia ya kahawa kabla ya kushona watu, na bado inaonekana. Shika vizuri." Niliandika jina lake katika rejista ili nisifungwe. Hilo ndilo analolificha. Ananificha mimi.

Sasa jambo ambalo linanichoma. Alipotamka barua iliyopita, alisema tezi iko kushoto. Nilimwambia, "Mzee, si ni kulia?" Akasema, "Andika." Nikaandika kulia. Hajui. Sijawahi kubadilisha neno lake kabla ya hapo. Lakini Daktari, tezi ile niliipanda mimi, kwa uzi wa bluu wa nailoni uliobaki katika pakiti, na niliipanda kulia. Naikumbuka kama ninavyokumbuka mlango wa nyumba yangu.

Baada ya hapo umeme ulipotea. Jenereta ilikuwa nyuma ya jikoni na hakuna mwingine aliyejua ujanja wake, basi nilivua glavu nikatoka. Nilikaa nje kama dakika saba. Daktari alibaki na Mukiri, muuguzi wa nusukaputi, aliyekuwa ameshika tochi. Mukiri alifariki mwaka 2011, Mungu amrehemu. Niliporudi Daktari alikuwa amesimama palepale kichwani pa mgonjwa, mikono kifuani, kama nilivyomwacha. Alikuwa amebadilisha glavu tu. Ni mtu msafi. Nikanawa, tukafunga, tukala ugali.

Mwaka uliofuata mikono yake ilianza kutetemeka na akaacha kupasua. Ndipo alipoanza kutufundisha sisi wa diploma, matabibu ishirini na mmoja, kupasua mama aliyeshindwa kujifungua na ngiri iliyojifunga, ili mtu asife njiani kwenda Meru mjini. Watu wanasema alituachia kisu kwa moyo wa kutoa. Nami nilisema hivyo kanisani siku alipostaafu.

Tafadhali mpasue Gatwiri ukijua ni kulia. Na usimwambie mzee kwamba nimekuandikia.

Kinoti


Kianjai
11 Aprili

Wamuyu,

Naandika mwenyewe. Vumilia herufi.

Nilipotaja upande, Kinoti alibisha mara moja, kisha akanyamaza. Namjua. Akinyamaza hufanya atakavyo.

Ni KUSHOTO. Uzi mweusi.

Usimwulize Kinoti. Hajui. Beverlyne wa duka la dawa ataituma barua hii.

MK


Runyenjes,
26 Aprili 2024

Mzee Kinoti,

Nakushukuru. Nilimpasua Gatwiri siku ya Jumatatu kama nilivyopanga. Tezi uliyoipanda ilikuwa upande wa kulia, ndani ya msuli, imefungwa kwa uzi wa bluu wa nailoni. Ilikuwa hai, na rangi yake ilikuwa nzuri. Mshono wako haufanani na mshono wa gunia.

Kalsiamu ya Gatwiri iko sawa. Leo asubuhi aliomba chai, akamwita muuguzi aliyekuwa mwisho wa wodi kwa jina lake na la baba yake, na muuguzi akasikia.

Siri yako kuhusu barua ya tarehe 28 Machi inabaki kwangu, ila nimelazimika kumwambia Daktari kwamba uliniandikia; nisamehe. Pamoja na hii nimemtumia Daktari bahasha yake. Imefungwa, nami nakuomba umpe kama ilivyo. Ataweza kuisoma mwenyewe.

Wamuyu Njiru


Runyenjes,
26 Aprili 2024

Mwalimu wangu,

Naandika kwa kalamu nene, maneno kama kumi kwa kila ukurasa, ili usome bila kusomewa. Ndiyo sababu bahasha ni nzito.

Gatwiri yuko salama. Sauti yake ipo.

Nilikuwa na ushahidi wa watu wawili waaminifu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Sikuweza kumwamini mmoja bila kumfanya mwingine mwongo, kwa hiyo sikumwamini yeyote. Nilifungua pande zote mbili polepole, milimita kwa milimita, kwa muda wa saa tano.

Kulia palikuwa na tezi iliyofungwa kwa nailoni ya bluu. Kushoto palikuwa na tezi nyingine iliyofungwa kwa hariri nyeusi. Fundo lake limelala kinyume na mafundo yetu sote, kama linavyolala fundo la mtu anayefunga kwa mkono wa kushoto. Nimewahi kuyaona mafundo hayo katika picha ulizotufundishia.

Zote mbili ziko hai. Ningemwamini mmoja wenu tu, ningeua moja.

Rejista inasema tezi moja. Kinoti anajua moja. Wewe ulitaja moja, na si ile yake.

Kinoti ameniandikia kwamba umeme ulipotea, naye akawa nje na jenereta kwa dakika saba. Nadhani tezi ya pili ilikuwa imebanduka na inakauka, na hapakuwa na mkono mwingine chumbani. Najua pia kwamba tezi haipandwi bila kuukata msuli kwanza, na kwamba msuli ukikatwa hutoa damu. Na Kinoti anakumbuka kwamba aliporudi ulikuwa umebadilisha glavu.

Mtetemo wa mikono yako una jina katika vitabu vyetu, na jina hilo halihusiani na kiapo chochote. Naweza kukutumia kurasa zenyewe. Kama wewe umeupa jina jingine tangu mwaka 2002, hilo siwezi kulipima.

Jana Gatwiri aliniuliza, "Kwa hiyo, Daktari, alinipasua au hakunipasua?" Yeye ni gichiaro chako. Ulisema hadanganywi. Sikumjibu, kwa sababu si mimi ninayefungwa na kiapo hicho, na kwa sababu sijui.

Kinoti alikata ngozi, na mkono wake ulisukumwa na wako. Mama aliamuru. Wewe ulikata mara moja, mahali pasipoonekana, ukamfichia hata aliyekuwa ameshika kisu badala yako. Ufafanuzi niliouandika katika barua ya kwanza, ambao uliukubali bila kuongeza neno, haumtoshi yeyote kati yenu.

Katika fomu yangu kuna safu ya mpasuaji wa awali. Nimeiacha wazi. Mwaka 2015 uliniuliza swali nami nikashindwa kulijibu, na sasa nakurudishia wewe.

Nani alimpasua Gatwiri?

Wamuyu